Matumizi ya burudani ya wanaoishi peke yao: grafu ya 2011 hadi 2022 isomwe vipi?

JedwaliRefu

Wakuu, habari za kazi. Nina majedwali ya utafiti wa matumizi ya kaya, mwaka hadi mwaka kuanzia 2011 hadi 2022, yaliyogawanywa kwa ukubwa wa kaya. Nimechukua kaya za mtu mmoja na kipengele cha burudani. Swali ninalotakiwa kujibu ni hili: je, anayeishi peke yake anatumia zaidi kwenye burudani kuliko mwaka 2011?

Mstari wa grafu yangu unapanda karibu miaka yote, unadondoka 2020, halafu unaruka 2021. Nimechukua pia kaya za watu wawili nikagawa kwa 2, na hapo mtu mmoja anaonekana kutumia zaidi kwa kila kichwa.

Kabla sijaandika hitimisho naomba msaada. Mfumuko wa bei niuondoe kwa fahirisi ipi? Kugawa kwa 2 ni sahihi? Na mwaka 2020 niufanyeje?

---

Mdodosi

Mkuu, rudi nyuma hatua moja kwanza. Usiguse bei kabla hujajua neno "burudani" kwenye majedwali yako lina nini ndani, na kama lilibaki na maana ileile miaka yote.

Nchi nyingi hupanga matumizi kwa mfumo wa kimataifa uitwao COICOP. Toleo la 1999 lina fungu la 09, Burudani na Utamaduni. Ndani yake kuna runinga, kompyuta, kamera, vitabu, magazeti, mimea ya bustani, wanyama wa kufugwa nyumbani, tiketi, michezo ya bahati nasibu, hata safari za likizo zinazouzwa kama kifurushi. Toleo la 2018 likahamisha vitu vizito: runinga na kompyuta zikaenda fungu la 08, Habari na Mawasiliano, pamoja na malipo ya kutazama chaneli na filamu za mtandaoni. Kama ofisi ya takwimu ilihama toleo katikati ya kipindi chako, burudani itashuka kwenye karatasi bila mtu yeyote kupunguza burudani.

Marekani hawatumii mpangilio huo kwenye utafiti wao wa matumizi ya walaji. Burudani yao ina sehemu nne: tiketi na ada za kuingia, vifaa na huduma za sauti na picha, wanyama pamoja na vitu vya kuchezea na vya kujipumbaza, na vifaa vingine vya burudani, ambako ndiko ziliko boti na magari ya kupigia kambi. Vitabu na magazeti vina mstari wao pembeni, pombe ina wake, chakula cha mgahawani kina wake. Kwa hiyo ukichukua namba ya nchi moja ukaiweka kando ya namba ya nchi nyingine kwa sababu tu zote zimeandikwa "burudani", umelinganisha vitu viwili tofauti.

Fanya hivi. Fungua jedwali la kina zaidi ulilonalo, sio la muhtasari. Orodhesha misimbo yote (namba za kutambulisha vipengele) iliyo chini ya burudani mwaka 2011 na yote iliyo chini yake 2022. Msimbo uliohama, urudishe kwa mkono ili kikapu kibaki kilekile mwanzo hadi mwisho. Usipopata misimbo ya kina, usiunganishe vipindi viwili kwa mstari mmoja. Acha pengo kwenye grafu uandike mwaka wa badiliko.

Ningeongeza mstari wa pili, nikiuita burudani pana: burudani ya kwenye jedwali, jumlisha vinywaji na chakula cha nje ya nyumbani. Anayeishi peke yake akitaka kukaa na watu mara nyingi hutoka, na pesa ya kutoka huingia kwenye mgahawa, haiingii kwenye burudani. Ukiangalia burudani finyu peke yake utamwona ametulia nyumbani wakati jioni zake ziko kwenye mstari mwingine.

Jambo jingine ambalo watu hulipita: "kaya ya mtu mmoja" si lazima iwe mtu anayeishi peke yake. Utafiti huo wa Marekani hauhesabu kaya, unahesabu vitengo vya matumizi. Wapangaji wawili wasio ndugu wanaoishi nyumba moja, kila mmoja akijitegemea kifedha, huhesabiwa vitengo viwili vya mtu mmoja mmoja. Huyu ana mwenzake sebuleni, na pengine wanatazama runinga moja, lakini kwenye jedwali yuko peke yake. Soma ukurasa wa fasili wa utafiti wako. Kama data ghafi ipo, chuja kwa idadi ya watu walio kwenye makazi, usichuje kwa ukubwa wa kitengo.

---

Kokotoo

Nachukua la bei na la kugawa kwa 2.

Fahirisi zipo mbili na kila moja inajibu swali lake. Fahirisi ya bei ya jumla inakuambia mtu ameacha kiasi gani cha vitu vingine ili apate burudani. Fahirisi ya bei za burudani inakuambia amepata burudani kiasi gani. Hesabu ni ileile: matumizi ya mwaka husika, mara fahirisi ya mwaka wa msingi, gawa kwa fahirisi ya mwaka husika.

Tuseme matumizi yalikuwa 600 mwanzoni na 780 mwishoni. Kwa macho ni ongezeko la asilimia 30. Fahirisi ya jumla imetoka 100 hadi 125: 780 × 100 ÷ 125 = 624, ongezeko la asilimia 4. Fahirisi ya burudani imetoka 100 hadi 110: 780 × 100 ÷ 110 = 709, ongezeko la asilimia 18. Majibu yote mawili ni ya kweli. Kwa swali lako la "anatumia zaidi", mimi ningetumia ya jumla kwenye grafu kuu na ya burudani kwenye maelezo.

Tahadhari kuhusu hiyo ya burudani. Bei za vifaa vya kielektroniki hurekebishwa kwa ubora. Runinga ya leo ikiuzwa bei ileile ya zamani lakini ina kioo kikubwa na picha safi zaidi, fahirisi huandika kwamba bei imeshuka. Ukigawa kwa fahirisi hiyo utaona burudani "halisi" imepaa sana, wakati mtu ana runinga moja tu kama zamani. Tenganisha vifaa na huduma, kila kimoja kwa fahirisi yake, ndipo ujumlishe.

Angalia pia mwaka wa msingi. Fahirisi zikibadilishiwa msingi katikati huwezi kubandika safu mbili tu. Tafuta mwaka uliomo kwenye zote mbili. Kama mwaka huo fahirisi ya zamani ni 118.4 na mpya ni 100, zidisha zote mpya kwa 1.184. Kosa la hapa hutokeza mdondoko mkubwa wa mwaka mmoja, na watu huutungia sababu za kijamii ambazo hazikuwepo.

Kugawa kwa 2: hapana. Chukua burudani mbili tu. Malipo ya mwezi ya filamu za mtandaoni ni 12 kwa nyumba, awe mmoja au wawe wawili. Tiketi ni 8 kwa kila mtu. Anayeishi peke yake analipa 12 + 8 = 20. Wawili wanalipa 12 + 16 = 28. Ukigawa kwa 2 unapata 14, na mtu mmoja anaonekana anatumia asilimia 43 zaidi. Lakini wote watatu wametazama filamu zilezile na kwenda onyesho lilelile!

Ndiyo maana kuna vigawanyo vya usawazisho. Kipimo kilichorekebishwa cha OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) kinampa mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine mwenye umri wa miaka 14 au zaidi 0.5, na mtoto 0.3, hivyo watu wazima wawili unagawa kwa 1.5. Kuna na kanuni ya kipeuo cha pili, ambapo unagawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, yaani 1.41 kwa wawili. Kwa mfano wetu 28 inakuwa 18.7 au 19.8. Vipimo hivi vilitengenezwa kwa matumizi yote ya kaya, si kwa burudani peke yake, kwa hiyo visitumike kama mizani ya dhahabu. Njia bora, kama una misimbo ya kina, ni kugawa burudani katika mafungu mawili: inayoshirikiwa (usajili, runinga, intaneti ya nyumbani) na ya mtu binafsi (tiketi, ada ya mazoezi, ala ya muziki). Ya pili ndiyo ugawe kwa idadi ya watu. Ya kwanza iache ilivyo.

Na sentensi yako iwe makini. "Kuishi peke yako kunagharimu zaidi kwa kichwa" ni kweli. "Anayeishi peke yake anajiburudisha zaidi" ni dai jingine kabisa, na jedwali lako halijalithibitisha.

---

JedwaliRefu

Asanteni sana. Nimekagua fasili: kikapu changu hakikubadilika, na kaya zangu ni kaya halisi. Nimetumia fahirisi ya jumla na sasa mstari uko karibu tambarare, umeshuka kidogo mwishoni. Je, niandike kwamba wanaoishi peke yao wamepunguza burudani?

---

UzaniSawa

Bado, ndugu yangu. Huo mshuko unaweza kuwa si wa matumizi kabisa. Watu walio ndani ya kundi lako wa 2011 si wale wa 2022, na hawafanani nao.

Kaya za mtu mmoja ni kundi linalobadilika haraka. Sensa za Marekani zilizihesabu kuwa asilimia 7.7 ya kaya zote mwaka 1940, na asilimia 27.6 mwaka 2020. Kundi likikua hivyo, wanaoingia wanakuja na umri wao na kipato chao. Wajane wazee wakiongezeka, wastani wa burudani ya kutoka nje hushuka. Vijana walioajiriwa wakiongezeka, hupanda. Hakuna mtu mmoja aliyebadili tabia.

Tazama mfano wa makundi matatu ya umri:

Mwaka wa kwanza: chini ya miaka 35 ni asilimia 30 ya kundi, wanatumia 120, miaka 35 hadi 64 ni asilimia 40, wanatumia 110, miaka 65 na zaidi ni asilimia 30, wanatumia 70. Wastani: 36 + 44 + 21 = 101.

Mwaka wa mwisho: mgawanyo ni asilimia 22, 36 na 42. Matumizi ni 126, 114 na 73. Wastani: 27.7 + 41.0 + 30.7 = 99.4.

Kila kundi limeongeza, la vijana kwa asilimia 5, la kati kwa 3.6, la wazee kwa 4.3, lakini wastani wa jumla umeshuka kwa asilimia 1.6! Ukiandika "wamepunguza" umesema kinyume cha kilichotokea kwa kila mmoja wao.

Dawa yake: shikilia mgawanyo wa umri wa mwaka wa kwanza, kisha uzidishe kwa matumizi ya kila mwaka. Hapa inakuwa 0.30 × 126 + 0.40 × 114 + 0.30 × 73 = 105.3, ongezeko la asilimia 4.3. Chora mistari yote miwili, wa kawaida na uliosawazishwa umri. Nafasi iliyo kati yao ndiyo mchango wa mabadiliko ya watu. Kama sampuli inaruhusu, sawazisha na jinsia pia. Usigawe makundi mengi mno. Kundi dogo likibaki na kaya chini ya 50 au hivi, wastani wake unayumba sana na usawazishaji unaleta kelele kuliko msaada.

Kipato kiache kwanza. Kipato kikipanda na burudani ikapanda, hilo ni sehemu ya jibu lako. Ukilisawazisha unalifuta.

---

Mdodosi

Naongezea kuhusu kosa la sampuli, maana kaya za mtu mmoja ni sehemu tu ya sampuli nzima na namba zake hucheza.

Jedwali zuri huja na kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi wastani unavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli, kando ya kila wastani. Tuseme mwaka mmoja ni 540 lenye kosa 22, unaofuata 585 lenye kosa 25. Tofauti ni 45. Kosa la tofauti ni kipeuo cha pili cha (22² + 25²), yaani 33.3. Gawa 45 kwa 33.3 upate 1.35. Haijafika 1.96, kwa hiyo mwaka hadi mwaka huna ushahidi wa badiliko kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 95. Mshuko wako mdogo wa mwishoni unaweza kuwa wa namna hiyohiyo. Upime hivi kabla hujauandikia hata neno moja. Kama kaya zilezile huhojiwa zaidi ya mara moja na zinavuka mwaka, kanuni hii si kamili, lakini kwa miaka iliyoachana inatosha.

Kinachofanya burudani iruke kuliko chakula ni manunuzi makubwa ya nadra. Kaya mbili zikinunua boti au piano mwaka mmoja, wastani wa kundi dogo unapaa. Tumia wastani unaosogea wa miaka 3 kwa vifaa vya kudumu, na uache huduma na tiketi zisomwe mwaka kwa mwaka. Mediani (thamani ya katikati) haisaidii sana kwenye vipengele vidogo: zaidi ya nusu ya kaya huenda hazikulipa chochote kwa tiketi katika kipindi kilichoulizwa, basi mediani ni sifuri miaka yote. Afadhali utoe namba mbili: asilimia ya kaya zilizotumia chochote, na wastani wa waliotumia. Wastani wa kwenye jedwali kwa kawaida umejumuisha wenye sifuri.

Mwaka 2020 usiutumie kama msingi, na usiufute. Kumbi zilifungwa, tiketi zikaanguka, na mruko wa 2021 kwa sehemu ni kurudi tu mahali pa zamani. Linganisha 2022 na 2019. Na uliza ofisi ya takwimu kama mwaka huo walibadili mahojiano ya ana kwa ana kuwa ya simu, kwa sababu namna ya kuuliza hubadili majibu.

Tena kuna usahaulifu wa wahojiwa. Malipo madogo yanayojikata yenyewe kila mwezi husahaulika kwa urahisi kuliko tiketi iliyonunuliwa dirishani. Burudani imehama kutoka dirishani kwenda kwenye makato ya kimyakimya, kwa hiyo pungufu ya kuripoti huenda imekua kadiri miaka inavyokwenda. Upande mwingine yupo anayetazama kwa akaunti inayolipiwa na mzazi au ndugu. Huyo matumizi yake ni sifuri, lakini jioni nzima anatazama. Utafiti wa matumizi haumwoni.

---

MweziKwaMwezi

Samahani kuingilia uzi. Mimi sina data ya utafiti, naishi peke yangu na nataka kupima burudani yangu miaka kadhaa. Haya mnayosema yananihusu, au nifungue uzi mwingine?

---

Kokotoo

Kaa hapahapa, mantiki ni moja. Kwako hakuna kosa la sampuli wala mabadiliko ya umri wa kundi, ila lipo tatizo kubwa la muda: lini ulilipa dhidi ya lini ulifaidi.

Fungua lahajedwali lenye safu sita: tarehe, kiasi, kitu, fungu, malipo yanahusu miezi mingapi, na nani alishiriki. Mafungu yawe machache, matano yanatosha: usajili, kutoka (tiketi pamoja na chakula cha siku hiyo), vifaa, ujuzi na mazoezi, mengineyo. Ukiweka mafungu 15, baada ya muda kitu kilekile utakiandika mahali tofauti kila mara, na mfululizo wako utavunjika.

Kwa kuanza, toa taarifa ya miezi 13 ya benki au ya pesa ya simu. Miezi 12 haitoshi, maana usajili wa mwaka unaweza kujikata siku chache kabla au baada ya tarehe ya mwaka jana ukaukosa. Panga kwa kiasi, sio kwa tarehe. Kiasi kinachojirudia kitajitokeza chenyewe, na hapo ndipo makato yaliyosahaulika hukutwa.

Malipo ya mwaka gawa kwa 12, uyasambaze. Kifaa usikiweke chote mwezi wa kununua: toa bei unayotarajia kukiuzia, gawa kwa miezi utakayokitumia. Kifaa cha 480 utakachouza 120 baada ya miezi 36 ni 10 kwa mwezi. Kikiharibika mwezi wa 20, umeshahesabu 200. Zilizobaki 280, ukitoa chochote utakachopata kwa mabaki yake, ziandike mwezi huohuo. Usirudi nyuma kubadilisha miezi iliyopita.

Bei ya utangulizi inapoisha, au usajili unaotozwa kwa fedha ya nje unapopanda kwa sababu ya kiwango cha kubadilishia, weka alama. La sivyo mwaka ujao utajilaumu kwa kuongeza burudani wakati kilichoongezeka ni bei tu. Na intaneti ya nyumbani, kama unaitumia kwa kazi pia, amua sehemu moja (nusu, theluthi) uishike miaka yote. Kubadilisha sehemu hiyo katikati ni sawa na lile kosa la kuhama toleo la COICOP.

Safu ya "nani alishiriki" watu huiacha, nami naitetea kwa nguvu. Kwa anayeishi peke yake, pesa ya burudani mara nyingi ndiyo pesa ya kukutana na watu. Ukipunguza fungu la kutoka na kuacha usajili, jumla inashuka vizuri kwenye karatasi, lakini umekata jioni zenye watu. Safu hiyo inakuonyesha umekata nini.

---

UzaniSawa

MweziKwaMwezi, kama ulihamia peke yako katikati ya kipindi, usiunganishe kabla na baada. Anza mfululizo mpya mwezi wa pili baada ya kuhama. Mwezi wa kwanza huwa umejaa vifaa na malipo ya kuunganishwa huduma.

JedwaliRefu, kuhusu asilimia ya burudani kwenye bajeti, kama utaiweka: gawa kwa matumizi yote ukitoa makazi. Anayeishi peke yake hubeba kodi nzima mwenyewe, kwa hiyo kodi ikipanda asilimia ya burudani hushuka hata kama kiasi hakijaguswa. Weka asilimia zote mbili, pamoja na makazi na bila makazi.

---

JedwaliRefu

Nimesawazisha umri kwa makundi matatu. Mshuko umetoweka, 2022 dhidi ya 2019 ni ongezeko la asilimia 2, na uwiano wa tofauti kwa kosa lake ni 0.8. Vifaa vimeshuka, usajili umepanda, tiketi hazijarudi kiwango cha 2019. Maelezo ya chini ya grafu nimeandika: "Kaya za mtu mmoja, bei za 2022 kwa fahirisi ya jumla, umri umesawazishwa kwa mgawanyo wa 2011, chakula cha nje hakimo, vifaa ni wastani wa miaka 3." Kuna kilichosahaulika?

---

Mdodosi

Ongeza "wasiotumia chochote wamehesabiwa" na idadi ya kaya za mtu mmoja kwenye sampuli kwa kila mwaka. Kwenye maandishi, 0.8 iandike kama "hakuna badiliko linaloonekana", usiandike "ongezeko dogo". Mgawanyo wa ndani, usajili dhidi ya tiketi, upime kwa njia ileile kabla ya kuutangaza. Nadhani hapo ndipo utapata namba inayovuka 1.96.